Bata wa Leonia na Mchanga wa Uani

Kila asubuhi Mwanamvua alifagia uwanja wake mpaka ungeweza kula wali hapo chini. Ujiji nzima, mwaka ule wa 1997, hakuna aliyemshinda kwa ufagio, na mwenyewe alilijua hilo.

Siku hizo nyumba nyingi zilikuwa na wageni waliokimbia vita Burundi. Mwanamvua alimpokea Leonia, mjane aliyevuka ziwa na bata wawili kapuni. Hakuwa na kitu kingine, wala mtu mwingine. Mwanamvua alimpenda tangu siku ya kwanza. Aliwapa bata wake mahali alipopaona pazuri kuliko pote, kona ya uani yenye mchanga mtupu, isiyoota hata jani. Kila siku aliwamwagia pumba hapo chini.

Baada ya wiki chache bata walikonda. Mabawa yalilegea, kinyesi kikawa cha kijani. Mmoja akafa.

"Ni kideri, ugonjwa ule unaofyeka kuku," alisema Hamdani, mume wa Mwanamvua. Alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu mwema lakini mwepesi wa kuhukumu. "Wametoka nacho ng'ambo. Huyu aliyebaki achinjwe kabla kuku wetu hawajaisha."

Leonia alisikia. Alianza kukunja nguo zake.

"Nitakwenda kambini, mdogo wangu," alimwambia Mwanamvua. "Umenitunza. Sitaki kukuletea balaa."

Mwanamvua aliumia sana. Alijua Leonia akiondoka hivyo, na aibu ile moyoni, hatarudi tena.

"Nisubiri kidogo tu, dada," alisema. Akajitanda kanga, akaenda mtaa wa Mwanga kumwita Honorata, mtaalamu wa mifugo.

Honorata alimpapasa bata kifuani. Kisha akauliza, "Kuku wenu wangapi wamekufa?"

"Hakuna," alijibu Mwanamvua.

"Kingekuwa kideri, kuku wangetangulia. Bata walikuwa wakila wapi?"

Mwanamvua alimwonyesha kona. Honorata alichutama, akachambua mchanga. Ulikuwa na punje nyingi za kijivu.

"Nani anayeyeyusha betri hapa?"

Hamdani alikuna kichwa. Kila msimu aliyeyusha risasi ya betri kuukuu za gari, akatengeneza chubwi za kuzamishia nyavu.

"Risasi ni sumu, baba," alisema Honorata. "Bata wanaokota pumba, wanameza na mchanga."

"Lakini mwaka juzi niliyeyushia kule migombani," alibisha Hamdani. "Kuku wanaparua kule kutwa. Mbona wazima?"

"Umeuliza vizuri. Udongo haufanani. Kule ni mfinyanzi, tena una samadi. Udongo huo unaing'ang'ania sumu. Kuku akiumeza, risasi nyingi inatoka na kinyesi. Mchanga hauna nguvu hiyo. Na maji makali ya betri uliyomwaga hapa yameilegeza zaidi, ikaingia upesi kwenye damu ya bata."

"Basi nitarudi kuyeyushia migombani."

"Hapana. Kuishika sumu si kuiondoa. Risasi haiozi. Ukiongeza kila msimu, hata udongo ule utazidiwa, kuku wataugua, na nyinyi mnaokula mayai yao. Moshi wake ndio mbaya zaidi. Wewe mwenyewe nenda hospitali ukapimwe damu."

Hamdani alimwendea Leonia.

"Dada, nimekukosea. Bata wako hawakuleta kitu. Sumu ni yangu."

Leonia alilia, na Mwanamvua akalia naye.

Hamdani aliacha kuyeyusha risasi. Badala yake alifunga vijiwe kwenye nyavu zake. Walimwagia mchanga ule maji ili vumbi lisitimke, wakauzoa, na bwana afya akawaonyesha pa kuupeleka. Kwenye kona walishindilia mfinyanzi uliochanganywa na samadi, wakazungushia uzio. Kuku nao walizuiwa kwenda migombani. Pumba zilitiwa kwenye chombo, na kila mtu alinawa kwa sabuni kabla ya kula.

Yule bata alipona polepole. Baada ya miezi kadhaa alipata dume la jirani, akaangua vifaranga tisa.

Siku hiyo Leonia alimwomba Hamdani jembe. Alitaka kupanda mgomba wake mbele ya nyumba, kwenye udongo safi.

"Mgomba hauzai leo wala kesho, dada," alisema Hamdani. "Utangoja mwaka mzima."

"Najua," alijibu Leonia, akaanza kuchimba.