Alama kwenye Kisahani cha Saba

Mtaani Observatory, huku Afrika Kusini, asubuhi za mwezi wa Mei huja na baridi kavu inayopasua midomo. Nyumbani kwa akina Chloé, kabla ya chai na kabla ya kutafuta soksi, kila mtu hupita kwanza kwenye kopo la mafuta lililokaa juu ya friji. Mama yao, Brigitte, ni msusi mwenye kiti chake katika saluni moja ya Yeoville, na kwake hakuna aibu kubwa kama mtoto wake kuonekana barabarani na ngozi iliyopauka. "Mtu akipita atauliza, huyu ana mama au hana?" husema, huku akimpaka Hénock, mdogo wake Chloé, mpaka nyuma ya masikio.

Lakini Alhamisi ile ya mwaka 2017, Chloé alikuwa amekatazwa kugusa kopo hilo. Shule ilikuwa imewapa wasichana wa darasa lake ruhusa ya kwenda kuona kazi za ndugu zao, na yeye alikuwa anakwenda na Tantine Agnès, mdogo wa mama yake, katika maabara moja ndogo upande wa Kensington. Hapo Tantine na wenzake walikagua chipu za kompyuta kabla hazijakatwa.

"Kesho usipake kitu," Tantine alikuwa amemwambia. "Si mafuta, si losheni, si manukato. Hata ya midomo acha. Umenisikia?"

Chloé alikuwa amesikia. Ila asubuhi, mama akiwa ameshatoka na Hénock, alijitazama kwenye kioo. Misuko mipya ya jana ilimvuta kichwa, na paji la uso lilikuwa jeupe kama ubao uliofutwa vibaya. Angepigwa picha leo. Darasa zima lingeiona. Alichota mafuta kwa kidole kimoja, akapitisha kwenye misuko ya mbele na kwenye paji la uso, kisha akajifuta kwa taulo. Kidogo tu, alijiambia. Nani ataona?

Garini, waliposimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, Tantine Agnès aligeuka. "Hujapaka kitu?"

"Hapana, Tantine."

Mlangoni pa maabara akamuuliza tena, na Chloé akajibu vilevile. Mara ya tatu aliulizwa na msimamizi, Bi Tumu. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani, aliyezaliwa Morogoro wakati baba yake, Mwafrika Kusini, akiishi uhamishoni. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na cha adabu, na kwa sababu hiyo kilimtisha Chloé zaidi.

"Mwanangu, mafuta? Losheni? Chochote?"

"Hapana, shikamoo," alisema Chloé kwa haraka, akachanganya yote mawili.

Bi Tumu alitabasamu. "Marahaba. Haya, vaeni."

Walivaa suti nyeupe zilizofunika kila kitu isipokuwa macho: kofia ya kubana, barakoa, viatu vya kitambaa, glavu. Ndani kulikuwa na ukimya wa hewa inayochujwa bila kupumzika. Tantine alikwenda kuwasha tanuri katika chumba cha pili, akamwacha Chloé na Lambert, kijana wa Uvira aliyekuwa katika miezi yake ya majaribio kazini.

"Karibu, dada injinia," alisema Lambert. "Hapa hatukimbii, hatupigi chafya, na hatucheki kwa nguvu. Mimi nimeacha kucheka tangu nilipoanza kazi Februari."

Chloé alicheka ndani ya barakoa.

Lambert alimwonyesha kisahani cha silikoni. Kilikuwa cha mviringo, chembamba, kinachong'aa kama kioo, kikubwa kama sahani ya kikombe cha chai. Juu yake palikuwa na mamia ya miraba midogo, yote imechorwa mistari ileile.

"Kila mraba ni chipu moja. Zikikamilika zitaingia katika mashine za hospitali, za kupima pumzi za watoto wachanga. Sasa tazama." Alikiingiza kisahani ndani ya sanduku jeusi lenye dirisha la kioo maalumu, akabonyeza swichi. "Hii ni taa ya urujuanimno. Mwanga wake macho yetu hayauoni, na ukiutazama moja kwa moja unaunguza macho, ndiyo maana tunatumia hiki kioo. Mawimbi yake ni mafupi sana, kwa hiyo unafichua kosa dogo ambalo taa ya kawaida inaliruka. Uchafu nao unawaka wenyewe, hasa mafuta. Mafuta yanawaka buluu."

"Mafuta gani?" aliuliza Chloé taratibu.

"Yoyote. Hata ya kidole cha mtu. Na yakipita bila kuonekana, yakaingia kwenye tanuri," Lambert alipiga mluzi mdogo, "yanaungua humo, yanachafua tanuri lote. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Ni kutupa kila kitu."

Kuanzia hapo Chloé alianza kuogopa. Joto lilimpanda ndani ya suti, na chini ya kofia iliyobana, misuko mipya ikaanza kumwasha kama sisimizi wanaotembea. Alivumilia. Alihesabu hadi hamsini. Lambert alipogeuka kuandika lebo, Chloé alichomeka kidole chenye glavu chini ya kofia na kujikuna, mara moja tu.

Pembeni yake palikuwa na kasha la visahani vilivyokwisha kukaguliwa. Kimoja, cha saba, kilikuwa kimekaa upande, kama kitabu kinachotaka kuanguka kwenye rafu. Nyumbani Chloé ndiye anayepanga vyombo. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikisukuma kisahani kwa ncha ya kidole, kikanyooka vizuri.

"Haya, jaribu kushika kibano," alisema Lambert, akageuka. "Sikia kilivyo chepesi."

Chloé alikishika, akagusa ncha zake, akamrudishia. Lambert akakitumia kuinua kisahani kingine na kukiweka chini ya taa. Wakati huohuo Bi Tumu aliingia na kusimama nyuma yao.

"Simama hapo," alisema.

Kwenye dirisha la sanduku, ukingoni mwa kisahani, palikuwa na doa linalowaka.

Bi Tumu aliinama kwa muda mrefu. "Mraba mmoja tu," alisema. "Kosa la kiolezo, kile wanachochorea mistari, hujirudia kwenye kila mraba, mahali palepale. Hili limetoka kwa mtu. Lambert, ingiza mkono wako."

Lambert aliingiza. Vidole viwili vya glavu yake viliwaka buluu.

"Bi Tumu, naapa! Leo nimeoga kwa maji matupu."

"Maji hayawaki hivyo. Mwezi uliopita uliingia hapa na manukato, nikakuonya. Nilikuambia hakutakuwa na mara ya pili."

"Si mimi. Sijui yametoka wapi."

"Vua suti, ungoje nje. Mchana nitazungumza na meneja. Sidhani kama kesho utarudi."

Lambert alimtazama Chloé mara moja. Hayakuwa macho ya kushtaki, yalikuwa macho ya mtu anayetafuta jibu na halioni. Kisha akatoka, mabega yameshuka.

Chloé alificha mikono nyuma ya mgongo. Angesema nini? Alikuwa ameulizwa mara tatu. Tantine Agnès ndiye aliyemleta. Labda naye angeambiwa avue suti. Mama angesikia. Shule ingesikia, na mwaka ujao hakuna msichana ambaye angekaribishwa tena mahali hapa, yote kwa sababu yake. Bi Tumu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na ile taa ilikuwa bado inawaka sandukuni. Ilionekana kana kwamba inamngoja.

Nyamaza, alijiambia. Saa sita utatoka, utatupa glavu, itakuwa imekwisha.

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. "Kasha la kwanza liko tayari?" aliuliza Tantine Agnès. "Tanuri limeshapata joto."

"Tayari, limekaguliwa," alijibu Bi Tumu.

Tantine alilichukua kasha. Lilelile. Chloé aliviona visahani vikipita mbele ya macho yake, vimenyooka wima, na cha saba kimenyooka kuliko vyote. Tantine alipita mlangoni. Akafika mbele ya tanuri. Akainua mkono kufungua.

"Tantine, usiweke!"

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotarajia. Wote wawili waligeuka. Chloé aliona kwamba akianza kueleza atalia, na akilia hatamaliza. Basi akatoa mkono nyuma ya mgongo, akaupeleka ndani ya sanduku jeusi, chini ya taa.

Ncha ya kidole chake cha shahada iliwaka buluu kama moto wa jiko la gesi.

"Ni mimi," alisema. "Nilipaka mafuta asubuhi. Nilijikuna. Nikashika kibano, Lambert akakishika baada yangu. Na hapo kwenye kasha, cha saba... nilikinyoosha. Kilikuwa kimelala."

Tantine Agnès alirudisha kasha mezani kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Bi Tumu alibadilisha glavu, akachukua kibano kipya, akaweka kisahani cha saba chini ya taa. Katikati ya miraba yenye giza palikuwa na alama ya kidole, ndogo, imekamilika.

"Mungu wangu," alisema Tantine. "Ningekuwa nimeshafunga mlango wa tanuri."

Chloé alimgeukia Bi Tumu. "Mtamfukuza Lambert?"

Bi Tumu alivua glavu. Alitoka nje, na kupitia kioo cha mlango Chloé alimwona amesimama mbele ya Lambert, akizungumza, kisha akampa mkono. Waliporudi, Bi Tumu alisema mbele ya wote, "Nimemwomba radhi. Nilikagua glavu yake, sikukagua kibano. Naye amekubali kwamba hakupaswa kumpa mgeni kibano. Kesho yuko kazini."

"Eish, dada injinia," alisema Lambert, "nusura unirudishe kabla ya Februari, mtu asiye na kazi." Lakini alikuwa anacheka.

Kisahani cha saba na kile chenye doa ukingoni vilipelekwa kwenye beseni la dawa. Vilioshwa, vikasuuzwa, vikakaushwa. Chloé hakuruhusiwa kubaki ndani. Alinawa uso kwa sabuni, akaketi kwenye kiti cha korido, nyuma ya dirisha kubwa. Baada ya nusu saa Bi Tumu alikuja kuketi kando yake. Hakuwa na haraka.

"Ulipoulizwa mara ya kwanza, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kurudishwa nyumbani."

"Ungerudishwa kwenye beseni la kunawia tu, mwanangu. Dakika tano na sabuni. Lakini ulipoficha, hofu yako ilikua. Kwanza ilikuwa ya kukosa safari, ikawa ya kumponza Lambert, ikawa ya tanuri. Umeona vile visahani? Vimeoshwa na ni safi, kwa sababu ulisema kabla mlango haujafungwa. Ungesema saa saba, tungekushukuru kwa ukweli wako, lakini tungevitupa. Kila mtu hukosea, hata mimi leo. Sema kosa lako mapema, wakati bado linaoshika. Na ukiona mtu mwingine anabeba mzigo wako, usingoje hata dakika."

"Ndiyo, Bi Tumu. Shikamoo. Yaani, ahsante."

"Marahaba kwa yote mawili."

Lambert aligonga dirisha kutoka ndani. Alikuwa amekiweka kisahani cha saba chini ya taa, akalisogeza sanduku ili Chloé aone. Kupitia kioo cha sanduku kilikuwa cheusi chote, bila doa, miraba kwa mamia imelala kimya.

Mchana Tantine alimshusha Chloé nje ya saluni. Mama yake alikuwa anamsuka mteja, kitana mdomoni. Alikitoa, akamtazama binti yake kuanzia juu hadi chini.

"Mbona uso umepauka hivyo?" aliuliza. "Kwani leo asubuhi hukugusa mafuta?"

Chloé alivuta pumzi.

"Niligusa, mama," alisema. "Acha nikueleze."