Maandishi ya Penseli

Kufuli lilikuwa limekatwa, na sanduku lilikuwa tupu.

Inspekta Badu Amoateng alichuchumaa mbele yake, nyuma ya jukwaa la ukumbi mmoja mjini Sekondi. Kilichoibwa ni kitabu kimoja tu, cha kufundishia mazingaombwe, kikongwe kuliko kila aliyekuwa mle. Pembeni mwa kurasa zake mlijaa maelezo ya penseli ya kuboresha mbinu za kale. Mwenye kitabu, Profesa Apranaa, alikuwa anastaafu Jumamosi, na mbele ya watu angekikabidhi kwa Ebo, mtoto wa dada yake. Mali ya mjomba humwendea mpwa. Huko Sekondi hilo halina mjadala.

"Ni wale mahasidi wangu wa Takoradi," Profesa alifoka. "Wananionea gere miaka yote."

"Leo asubuhi ulifungulia wapi?"

"Kwa nyuma, kama kawaida. Unachomoa pini za bawaba, ubao wa nyuma unafunguka. Kufuli ni la watazamaji."

Inspekta alipitisha kidole juu ya kifuniko. Vumbi lilikuwa limetanda pale, halijaguswa. Mwizi alikata kufuli, kisha kifuniko hakukiinua. Alipita nyuma, mahali ambapo mgeni asingepajua.

"Nani wanaijua siri hii?"

"Mimi, Ebo, na huyu Araba, msaidizi wangu."

Araba Eyiah alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa, mikono mapajani. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyekuwa akikatwa kwa msumeno kila onyesho, na kila onyesho akainuka mzima, akatabasamu.

"Afande, mimi usinitazame," Ebo alisema kutoka kando ya pazia. "Kitabu kinakuwa changu Jumamosi. Nijiibie mwenyewe, nimerogwa?"

Hilo lilikuwa na mantiki. Inspekta akachomoa pini moja. Ilitoka kimya, imelowa mafuta mabichi.

"Profesa, umepaka nini hapa?"

"Nta. Kitabu kinaagiza nta, bawaba isilie."

Inspekta alinusa. "Haya ni mafuta ya mbegu za shea."

"Basi labda niliboresha."

"Lini? Na kwa nini shea?"

Mzee akakohoa. Akakohoa tena. Afadhali angenyamaza tangu mwanzo.

"Kwa sababu kitabu kiliandikwa na watu wa baridi," Araba alijibu kutoka kule ngazini. "Kwa joto letu nta inageuka gundi, pini zinanata. Iko ukurasa wa arobaini, pembeni, kwa penseli. Muulize yeye kama anaikumbuka."



"Dada Araba," Inspekta alisema taratibu, "una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Nilikichukua mimi. Kufuli nilikata ili mlitazame kufuli."

"Ukafunga sanduku, ukapaka pini mafuta."

Araba alicheka kidogo, akajipiga paja. "Mkono umezoea. Kila nikifunga sanduku lile, napaka. Nimeiba kama mtu anayejiandaa kwa onyesho la kesho, mjinga mimi."

"Kisa ni nini?"

"Kila neno la penseli mle ni langu. Yeye alisoma kitabu mara moja, akakitupa sandukuni. Mimi nilikisoma mpaka kikanielewa. Njiwa ambao walikuwa wakimfia mikononi, nani aliwaokoa? Juzi nikamwomba kitu kimoja: Jumamosi ataje jina langu. Akacheka. Eti jina la mwanamke wa kukatwa kwa msumeno ni la nini."

"Araba, mwanangu…" Profesa alianza.

"Mimi si mwanao. Ningekuwa hata mpwa, ningerithi."

Akafungua mkoba wake, akampa Inspekta kitabu. "Sikutaka kukaa nacho. Nilitaka kukitia sahihi. Penseli inafutika, wino haufutiki."

Inspekta akafunua. Chini ya kila maelezo, ukurasa kwa ukurasa, jina moja limeandikwa kwa wino mweusi: Araba Eyiah. Profesa akachungulia begani kwake.

"Inspekta, haya ni mambo ya nyumbani. Kitabu kimepatikana. Nafuta malalamiko."

"Umesikia, dada. Nenda zako."

"Siendi. Ameripoti wizi, nami nimekiri wizi. Tufike kwa hakimu. Atauliza mwandiko huu ni wa nani, na huyu mzee atajibu akiwa ameapa."

"Unaweza kufungwa."

"Basi nifungwe kwa jina langu. Chukua kalamu, Afande."

Inspekta alimtazama Profesa, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akafungua daftari la maelezo.

"Jina kamili?"

Araba alilitaja herufi kwa herufi, kwa sauti ya jukwaani, ikafika mpaka viti vya nyuma.