Fimbo ya Shaba

Mzee Alamin alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha barazani, kidevu kifuani, kanzu imelowa damu. Raifoli yake ya zamani ilikuwa imeegemea goti lake, mdomo wa mtutu ukimwelekea. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, na juu yake vifaa vya kusafishia bunduki.

Inspekta Celestine Waliaula hakuugusa mwili. Aliitazama meza.

Fimbo ya shaba iliyoungwa. Burashi inayolingana na tundu la mtutu. Vitambaa vya pamba vya kijani, vimekatwa mraba na kupangwa kama karata. Chupa ya mafuta. Taulo safi chini ya vyote.

"Ajali," alisema Koplo Becky. "Alisahau risasi ndani."

"Huenda."

Simu ililia. Alikuwa mkuu wa kituo. Ndugu wa marehemu walitaka kuzika alasiri, na wazee wa msikiti walikuwa tayari ofisini kwake.

"Waliaula, kama ni ajali, wape maiti yao. Kama si ajali, niletee yule mpwa. Alikutwa amemkumbatia, na shamba linakuwa lake. Usinipotezee siku."

Idd, huyo mpwa, alikuwa amekaa chini kando ya tangi la maji, pingu mikononi, damu ya mjomba wake imemkaukia shatini.

Waliaula alivaa glavu, akamulika tochi kwenye mdomo wa mtutu. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja. Chuma kilikuwa kimekwaruza chuma kingine pale kwa miaka mingi.

Shaba ni laini. Haifanyi hivyo.

Alimkuta mjane, Bi Zeituni, jikoni. Chai ya asubuhi ilikuwa bado kwenye sufuria, imeota utando.

"Pole, Mama. Mzee alikuwa akiisafishaje bunduki yake?"

"Kwa ukaidi." Alifungua droo ya vijiko, akatoa spoku ya baiskeli iliyofungwa uzi wa nyavu, na mwisho wa uzi kipande cha kanga. "Anaisukuma hii kutoka mdomoni. Nikamwambia, utaiharibu. Akanijibu, viboko ninaowapiga risasi mtoni hawajalalamika."

"Na vile vitu vya mezani?"

"Sijawahi kuviona nyumbani kwangu."

Aliitazama spoku mkononi mwake kana kwamba imemchoma.

"Kwa hiyo si ajali."

"Si ajali, Mama."

"Basi mtamchukua Idd." Alikaa kwenye kigoda. "Nimemlea tangu hajaota meno. Ningesema vile vitu ni vyetu, je?"

"Ungekuwa umedanganya, na aliyemuua mumeo angekunywa chai mazishini."

Waliaula alirudi nje na spoku. Alimfungua Idd pingu, akampa glavu na fimbo ya shaba.

"Funga burashi hapa."

Idd aliishika kama kijiti cha mishikaki. Akaijaribu burashi mwisho wa mpini. Haikuingia. Akaanza kulia.

"Anaweza kuigiza," Becky alinong'ona.

"Anaweza. Ndiyo maana nataka uende chumba cha yule mlinzi aliyekuwa jeshini, ukatafute nguo ya kijani iliyokatwa. Wewe Idd, kaa."

Mlinzi wa shamba, Ochieng, alikuwa mwanajeshi kabla ya kurudi kwao Kisian, kando ya ziwa. Alisimama wima mbele ya Waliaula, mikono nyuma.

"Ulikuwa wapi mlio uliposikika?"

"Getini, afande. Nikakimbia. Nikakuta Idd amemshika."

"Mzee alikuwa na kawaida ya kusafisha bunduki?"

"Kila Ijumaa. Hivyohivyo mlivyoona."

Waliaula aliweka spoku na fimbo ya shaba juu ya benchi, bega kwa bega.

"Mimi huwa natumia bastola tu. Kwa raifoli hii ningechagua ipi?"

Ochieng karibu atabasamu. "Hiyo spoku ni ya kuchezea watoto, afande. Shika shaba. Burashi ilingane na tundu. Ikiwa nene inakwama, ikiwa nyembamba haisafishi kitu. Unatoa bolti, unaingiza kwa nyuma, unasukuma mpaka itokee mbele. Ukipitisha chuma mdomoni unaumiza mdomo, na risasi haiendi sawa tena."

"Umefundishwa vizuri."

"Jeshi halina mchezo."

"Mdomo wa bunduki hii umeumia, Ochieng. Umeumizwa na hii spoku, kila Ijumaa. Nani basi alimpangia mzee meza ya kijeshi?"

Ochieng aliitazama ile fimbo. Becky alitokea nyuma ya nyumba akiwa ameshika fulana ya kijani kwa ncha za vidole. Upindo wote wa chini ulikuwa umekatwa mraba mraba.

"Ilikuwa chini ya godoro," alisema.

Ochieng aliachia mikono iliyokuwa nyuma.

"Spoku na kanga zingeonekana takataka tu," alisema polepole. "Nilitaka yeyote akifika aone mtu aliyekuwa anasafisha bunduki. Nikaipanga inavyopangwa."

"Kwa nini umemuua?"

"Muulize Ajwang. Owadwa. Ndugu yangu mdogo." Sauti yake haikupanda. "Walisema kiboko amemmaliza akitega nyavu hapo kwenye matete. Mimi ndiye niliyemwosha, afande. Kiboko hatoboi mgongo tundu la duara."

Nyuma yao Bi Zeituni alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimuuliza mzee," Ochieng aliendelea. "Hakukana. Alisikia maji yakichezacheza, akapiga. Nikamwambia sitaki ng'ombe wa fidia, sitaki kesi. Njoo nyumbani, useme mbele ya mama yangu kwamba ni wewe. Kijiji kinamwambia mke wa Ajwang ana mkosi, ndiye aliyemletea mumewe kiboko. Njoo uwanyamazishe. Nilimwomba mwaka mzima. Leo asubuhi nikamwomba tena, akanywa chai yake, akasema, 'Kiboko hafungwi, Ochieng. Mwache mjane aubebe mkosi wake.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia, lete bunduki nikusafishie." Alinyoosha mikono kungoja pingu. "Yeye alisema kiboko. Mimi nikasema ajali."

"Na Idd je? Ungemwacha abebe?"

Ochieng alizitazama pingu zikimfunga.

Becky alimpeleka garini. Idd alibaki kwenye tangi, akisugua vifundo vya mikono. Bi Zeituni alivuta mtandio wake, akashuka ngazi.

"Mama yake Ochieng anakaa wapi?"

"Kule ufuoni," alisema Waliaula. "Lakini una maiti ya kuzika, Mama."

"Alasiri bado. Mume wangu hatazikwa na neno hilo la kiboko mdomoni. Nipeleke."

Walimkuta mama yake Ochieng akianika dagaa wa omena juu ya wavu uliotandazwa chini. Mke wa Ajwang alikuwa mbali naye, peke yake, akichambua wa kwake. Mama aliliona gari la polisi, akamwona mwanamke Mwislamu akishuka bila viatu, akasimama huku akifuta mikono.

Alidhani wamemletea habari moja. Zilikuwa mbili: ya Ochieng na ya Ajwang.