Uzi wa Kumi na Sita

Mtaani walimbatiza jina la Bendi Nzima, kwa sababu akiwa peke yake chumbani, na kompyuta na kinanda kifupi, alitoa muziki wa watu themanini. Ngoma, filimbi, tarumbeta, fidla, vyote yeye. Majirani walimtania kwamba siku akioa, hata wapambe atawatoa kwenye kompyuta. Alicheka nao. Hakuwaambia kwamba zile fidla zilikuwa za dada yake, na dada yake alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa.

Dada alizirekodi noti moja moja mbele ya maikrofoni, wiki tatu mfululizo: kwa upole, kwa nguvu, kwa kutetemesha kidole. Kifua kilikuwa kimeshambana. Kila alipokohoa noti iliharibika, na Bendi Nzima alimwambia, "Mara moja tu, dada." Baadaye alikaa akazikata pumzi zote na vikohozi vyote, akabakiza fidla tupu. Siku ya mazishi mama yao alipouliza kwa nini mgonjwa hakuachwa alale, alijibu, "Mwenyewe hakutaka kuacha, mama." Uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila akimwona mama aliumeza upya.

Jumamosi moja asubuhi mama alikuja kusikiliza. Muziki wa filamu aliopewa kazi ya kuutunga ulitakiwa siku hiyo hiyo, na katikati yake fidla ilisimama peke yake dakika mbili nzima. Mama hakuwahi kuisikia fidla ya binti yake tangu amzike. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Muziki ukaanza, ukakatakata, ukaparuza kama redio yenye betri mbovu.

"Samahani mama, mashine imezidiwa." Akampigia fundi wa kompyuta.

"Prosesa yako ina nyuzi kumi na sita," fundi alisema, "yaani njia kumi na sita za kupitishia kazi. Umezigawaje?"

"Zote nimeipa programu ya ala, ile inayozipiga noti."

"Na ile programu ya kupangia muziki nayo inazitaka zote! Mafahali wawili zizi moja, kaka. Zima huo mgawo kwenye programu ya ala. Iache ile kubwa igawe yenyewe."

Alifanya hivyo. Mparuzo ukaisha kabisa. Akausimamisha muziki ili auanze upya, akatazama kidirisha kinachoonyesha kazi ya prosesa, nguzo moja kwa kila uzi. Nguzo kumi na tano zilishuka hadi chini. Ya kumi na sita ilibaki juu, imegusa dari. Pembeni programu ya ala iliandika: sauti zinazolia, moja. Akamsomea fundi.

"Kuna noti imeng'ang'ania," fundi alisema. "Zima ala moja moja."

Alizima ngoma. Alizima tarumbeta na filimbi. Zikabaki fidla za dada, akazizima nazo. Uzi wa kumi na sita haukushuka.

Fundi alipoambiwa, aliuliza, "Kaka, sasa huo unamfanyia kazi nani?"

Simu ikakatika.

Bendi Nzima alivaa hedifoni. Akapandisha sauti. Kimya. Akapandisha tena.

Pumzi.

Aliijua. Ni ile ya kabla ya upinde kugusa uzi wa fidla. Ilivutwa. Ikatoka. Kisha kikohozi. Kisha kingine. Vikohozi vile alivifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwenye mashine nyingine ambayo ilishauzwa.

"Lete nami nisikie," mama alisema.

"Bado, mama."

"Lete."

Mama alizivaa. Alisikiliza muda mrefu bila kupepesa macho. Midomo yake ikaanza kwenda, kama mtu anayerudia maneno ya mwingine.

"Anaomba akalale," alinong'ona.

Mama aligeuka akamtazama.

"Na wewe unamwambia mara moja tu."

Bendi Nzima alipiga magoti, akashika pindo la nguo ya mama. "Nilimsikia, mama. Kila siku nilimsikia. Nilitaka noti zangu. Nilikudanganya."

Mama hakulia wala hakumpiga, na hilo lilimuumiza kuliko kofi. Alizivua zile hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Mwache mwanangu alale," alisema, akaondoka, mlango akauacha wazi.

Bendi Nzima alifuta noti zote siku ile ile. Muziki wa filamu ukaenda nazo, na kazi ikaenda na muziki. Alichomoa waya ukutani. Feni ya mashine ikaendelea kuzunguka. Alihesabu hadi hamsini. Bado. Akatoka nje, akakaa barazani hadi giza lilipoingia.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kuichukua mashine. Ilinunuliwa mpya dukani, mwaka mmoja baada ya mazishi, na kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa. Fundi alifungua skrubu, akainamia ndani, akaita.

Kwenye feni ulikuwa umejizungusha unywele mweupe, mrefu, wa mkia wa farasi, ule unaofungwa kwenye upinde wa fidla. Fundi aliukamata kwa koleo akavuta. Ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, huku ukidondosha mezani unga mweupe wa ulimbo, ule unaopakwa upinde.

"Kaka, kuna mtu hupiga fidla humu ndani?"

Bendi Nzima alirudi nyuma hadi mlangoni.

Unywele ulipofika urefu wa mkono, ulikaza, kama kuna mtu ameushika upande wa pili. Fundi aliuachia. Ukarudi ndani, polepole, wote.