Injini ya Mwisho ya Corvini

"Amevuka. Usimpoteze."

Sauti ya Stijn, mkuu wa operesheni, ilikwaruza kwenye kifaa kidogo sikioni mwa Lucienne Kabamba.

"Niko naye."

Uwanja wa Flagey ulifurika watu wa soko la Jumapili. Mzee ambaye Lucienne alikuwa akimfuata alining'iniza begani bomba la plastiki la kuhifadhia michoro. Alikwenda polepole. Goti la kulia lilimsumbua tangu zamani.

Lucienne alilijua goti hilo. Mzee Crispin ndiye aliyemsimamia ubatizo, Parrain wake.

Bastola ya Glock kiunoni ilimwelemea kuliko siku zote.

Crispin alitoka Lubumbashi kijana, akaajiriwa Bologna na ndugu wawili wa ukoo wa Corvini. Hao walianzia kwenye karakana ya baiskeli baada ya Vita Kuu ya Pili, hadi injini zao ndogo zikaendesha pikipiki kote Ulaya. Alitengeneza kalibu zao miaka thelathini na miwili. Kisha ndugu wakafa, watoto wao wakauza, na wageni walionunua wakazima tanuru. Mashine zikaenda kwa wauza vyuma chakavu. Crispin akaondoka na michoro ya injini ya mwisho, nyepesi kuliko zote, ambayo haikuwahi kuingia sokoni.

Leo mzee huyo akaketi mkahawani. Lucienne akaketi mbele yake.

"Mutoto yangu! Unafanya nini huku?"

"Parrain, unamungojea Pol, ule mununuzi wa michoro."

Tabasamu likakauka.

"Atafungua usine ya Corvini tena, tanuru itawaka," mzee akasema. "Aliniapia. Batu ba zamani banarudia kazi. Nilimupa moteur moja ya essai, ya kujaribu, donc aliona iko muzuri."

Lucienne akasukuma simu mezani. Pichani kulikuwa na injini iliyopasuka, imejaa tope.

"Ilipatikana Kivu, ndani ya drone. Bomu ilianguka mu kambi ya bakimbizi, pa mustari ya kuteka mayi. Batu dix-sept, kumi na saba, balikufa, Parrain."

Crispin akaikuza picha kwa vidole viwili. Chini ya silinda palikuwa na herufi C iliyolala. Alama yake. Aliichonga kwa patasi yake mwenyewe.

Hakulia. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Pol ameshuka garini," Stijn akasema. "Mtoe mzee hapo!"

Lucienne akamshika mkono.

"Apana," Crispin akasema. "Akinikosa, atakimbia. Enda, kaa kule. Nitamupa michoro miye mwenyewe."

Lucienne akahamia meza ya dirishani.

Pol akaingia, mnene, mchangamfu, saa ya Rolex ikimeta. Akapokea bomba, akampigapiga mzee begani.

"Sasa!" Stijn akaamuru sikioni, na Lucienne akainuka.

Mkono wa Pol ukaruka kwapani. Lucienne alikwisha kumfikia. Kiwiko shingoni, mkono ukasokotwa nyuma, bastola ikagonga sakafu. Sekunde nne. Wenzake Lucienne wakamkokota Pol nje.

Crispin akanyoosha mikono bila kuambiwa. Lucienne akamfunga pingu mwenyewe, taratibu, hakutaka mwingine amguse.

"Majina ya bale batu ba kambi, munayo?"

"Tuko nayo onze, kumi na moja."

"Na bengine?"

"Hakukubakia muntu wa kubatambua."

Crispin akainamisha kichwa. Wakampeleka.

"Kazi safi," Stijn akasema. "Rudi ofisini."

Lucienne akachomoa kifaa sikioni, akafunga zipu ya koti, akapita katikati ya wachuuzi bila kugeuka. Alipanda tramu ya kuelekea Ganshoren, ambako Maman Tatiana, mke wa Crispin, alikuwa ameshaandaa meza, akimngojea mzee wake arudi kula.