Titi Ni Langu, Maswali Ni Yangu

Sisi tunashona magauni ya harusi. Mama yuko kwenye mashine, mimi nakata, mdogo wangu anapima wateja. Mashine zinaanza kulia kabla chai haijapoa. Mpaka jioni sakafu imejaa vipande vya lesi na nyuzi nyeupe. Ukikaa popote kwetu, unainuka na uzi makalioni.

Mdogo wangu tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Alikuwa anapiga magoti mbele ya bibi harusi, pini kinywani, na bado anapiga soga. Wateja walimpenda kwa hilo. Wengine walirudi kupima mara nyingine wakati gauni limeshakaa sawa.

Niwaambie siri moja ya mafundi. Matiti mengi mnayoyaona kwenye harusi ni sponji. Bibi harusi akitaka makubwa, tunaongeza. Mama yake akinuna, tunapunguza. Kwetu ni kushona na kufumua tu. Ndiyo maana Chiriku alipoondolewa titi moja kwa sababu ya saratani, alituambia, "Msilie. Nitajishonea jingine." Alimaliza dawa zake, nywele zikaota, akarudi kazini na sponji lake ndani ya sidiria.

Siku moja alikuwa anapima pindo la gauni. Shangazi za bibi harusi walikuwa wamejaa kwenye benchi. Chiriku akainama zaidi. Sponji likachomoka, likaanguka sakafuni mbele ya watu wote.

"Fundi, umedondosha mzigo!" shangazi mmoja akasema.

Wakacheka. Ndiyo, walicheka! Chiriku akaliokota sponji lake, akaenda chumba cha nyuma. Mimi niliweka mkasi mezani, nikawaambia wale wanawake maneno ambayo hayafai kuandikwa. Gauni lao tulilimalizia, lakini hawakupewa chai.

Tangu siku hiyo Chiriku alikataa kupima wateja. Alikaa chumba cha nyuma akishona vifungo, kimya. Chiriku, kimya! Nyumba ilikuwa kama imefiwa.

Mama akamwambia, "Mwanangu, mshukuru Mungu. Uko hai. Titi la nini tena?"

Chiriku akainua uso. "Mama, nimeshashukuru. Nashukuru asubuhi, nashukuru jioni. Sasa nataka titi. Ni dhambi?"

Mama akarudi kwenye mashine yake. Nikamjibia mimi. "Si dhambi hata kidogo."

Maneno hayachelewi kufika. Jirani yetu, Mama Saluni, akaja na tabasamu pana.

"Shoga, mbona unateseka na dawa iko jirani?" akamwambia Chiriku. "Jumamosi anakuja mtaalamu wangu. Anadunga sindano, titi linajaa. Hakuna kisu, hakuna kulazwa. Unaingia bapa, unatoka umejaa! Ila fanya haraka, nafasi zinaisha."

Alipoondoka, niliona macho ya mdogo wangu yameng'aa. Nikaogopa.

"Dada, ni kama sponji tu," akaniambia. "Tofauti ni kwamba linakaa ndani. Nikilichoka, wanalitoa."

Hilo ndilo kosa letu mafundi. Tumezoea kwamba kila kilichoshonwa kinafumuka. Tunasahau kuwa mwili si kitambaa.

Kesho yake alikuja Sista, muuguzi wa kliniki ya matiti. Ndiye aliyekuwa akimfunga Chiriku kidonda. Alifuata sare zake, maana zilikuwa zinambana na tulikuwa tumempanulia. Kabla hajalipa nikasema, "Sista, huyu anataka kudungwa titi saluni."

"Dada, una mdomo!" Chiriku akafoka.

"Ninao. Nitautumia."

Sista akaweka mkoba chini, akavuta kiti. "Mficha uchi hazai," akasema. "Chiriku, huyo mtaalamu anadunga nini?"

"Silikoni, nasikia."

"Basi usikubali. Hata akija na koti jeupe mpaka miguuni, usikubali. Silikoni ya kudungwa haina mfuko wa kuizuia. Inasambaa. Inaweza kuharibu nyama na ngozi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaweza kuziba mapafu. Watu wamekufa. Na ikishasambaa, ni vigumu sana kuitoa yote."

Mashine ya Mama ikanyamaza.

"Sasa hospitali wanafanyaje?" Chiriku akauliza.

"Wanaweka kipandikizi cha titi. Si kile cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi. Hiki ni mfuko laini wa silikoni. Ndani yake kuna jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Daktari bingwa wa upasuaji anauweka chini ya ngozi au chini ya msuli. Unalala kwa dawa ya usingizi, na daktari wa usingizi anakulinda muda wote."

"Ni salama?"

"Wanawake wengi wanavyo na wanaishi vizuri. Lakini hakuna upasuaji usio na hatari. Nipe sponji lako."

Chiriku akasita, kisha akampa. Sista akaokota kipande cha kitambaa, akalifunga lile sponji.

"Mwili ukiona kitu kigeni, unakijengea utando kukizunguka. Kwa kawaida hauna shida. Ila kwa wengine utando unabana hivi." Akakaza kitambaa mpaka sponji likawa gumu. "Titi linakuwa gumu, linauma, linapinda. Kuna pia kuvuja damu na kuambukizwa vijidudu. Ngozi na chuchu zinaweza kufa ganzi. Kwa mama anayetaka kunyonyesha, maziwa yanaweza kupungua."

"Na kikipasuka?"

"Cha maji ya chumvi utajua, titi litasinyaa. Cha jeli kinaweza kupasuka usijue. Ndiyo maana daktari anakupangia kupigwa picha za ndani ya titi kila baada ya muda, hata kama huumwi. Na jambo kubwa ni hili. Kipandikizi si cha maisha. Kadiri miaka inavyokwenda, ndivyo shida zinavyoongezeka. Wengi hurudi kupasuliwa tena, kukibadilisha au kukitoa."

Mama akaingilia. "Mimi nimesikia kinaleta saratani."

"Mama, hilo halipaswi kufichwa. Kuna saratani adimu ya chembe za kinga ya mwili inayoweza kuota kwenye ule utando. Imeonekana zaidi kwenye vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza kuliko vile vya ngozi laini. Ni adimu, lakini ipo. Tena wapo wanawake wanaosema kwamba baada ya kuwekewa walipata uchovu, maumivu ya viungo na usahaulifu. Madaktari bado wanachunguza. Baadhi yao walipata nafuu vilipotolewa."

Chiriku akalinyakua sponji lake. "Kwa hiyo unanikataza."

"Nani amekukataza? Mwili ni wako. Ninachokataa ni wewe kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Jumamosi nilidhani Chiriku atabaki nyumbani. Thubutu! Alivaa, akachana nywele, akavuka barabara kwenda saluni. Nilimfuata mbio na futi ya kupimia bado iko shingoni.

Saluni ilikuwa imejaa. Wengine wamevaa rola za nywele, wengine wanasubiri sindano. Mtaalamu alikuwa kijana mtanashati. Alikuwa amepanga vitu vyake kwenye meza ya kupaka rangi za kucha, katikati ya vichupa.

"Karibu, dada," akamwambia Chiriku. "Vua blauzi."

"Taratibu. Hii chupa ina nini?"

"Dawa. Imetoka nje."

"Nje ya wapi? Haina hata jina."

Mtaalamu akacheka kidogo. "Dada, niamini. Nimeshawafanyia wengi."

"Wewe ni daktari wa upasuaji? Umesajiliwa wapi?"

"Nina uzoefu."

"Hata mimi nina uzoefu wa sindano, na sijamdunga mtu. Haya, nikizimia hapa, nani ataniamsha? Huyu wa kusuka?"

Msusi akaacha kusuka. Mama Saluni akaja mbio. "Chiriku! Unamvunjia mgeni wangu heshima!"

Hapo ndipo nilipomsikia Chiriku wetu wa zamani kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya benchi. Sauti ilitoka yote.

"Heshima? Mama Saluni, nilikatwa titi ili niishi. Sikupona saratani ili nije nife kwa chupa isiyo na jina! Jamani, mnaosubiri, sikilizeni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu ametembea mpaka kwenye meza ya kucha. Mkitaka matiti, tafuteni hospitali na daktari mwenye leseni. Anayekataa kuulizwa, msimpe mwili wenu!"

Nilimjivunia mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wakaanza kuinuka. Mmoja alitoka na povu kichwani, akaja kusuuzia nywele kwenye bomba letu. Nikampigia Sista simu, naye akawaita maofisa wa afya. Walipofika, mtaalamu alikuwa ameshakata mbuga, kaacha chupa zake. Mama Saluni alitununia siku nyingi. Anune tu.

Kisha tukaenda hospitali, Mama, Chiriku na mimi. Daktari bingwa alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Chiriku hakukaa hata sawasawa, akaanza. Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Ukienda vibaya mnafanyaje? Kipandikizi ni cha aina gani, cha ngozi laini au cha kukwaruza? Nitapona kwa muda gani? Daktari alijibu kila swali bila kuangalia saa, na asilolijua alisema halijui.

"Hukupigwa mionzi kifuani, na hiyo inasaidia," akasema. "Ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, na utando hubana zaidi. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Vizuri, maana sigara nayo huchelewesha kidonda. Sasa una njia kadhaa. Kipandikizi ni mojawapo. Tunaweza kujenga titi kwa nyama yako ya tumboni, ila upasuaji ni mkubwa zaidi. Lipo titi la kuvaa, zuri na zito kuliko sponji, linakaa kwenye mfuko wa sidiria. Na unaweza kubaki hivyo hivyo. Hakuna kosa katika hayo yote."

"Ningekuwa mdogo wako, ungenichagulia lipi?"

"Wewe si mdogo wangu. Mimi nakupa ukweli, unachagua mwenyewe. Usinijibu leo."

Mama, ambaye muda wote alikuwa ameshika mkoba kifuani, akasema, "Sawasawa, daktari. Asiharakishwe mwanangu." Nilimgeukia kwa mshangao. Kumbe na yeye alikuwa amebadilika.

Chiriku alifikiri. Alijaribu titi la kuvaa, akatembea nalo mtaani. Aliongea na wanawake ambao Sista alimkutanisha nao, wenye vipandikizi na waliovitoa. Mwishoni akachagua kipandikizi, kile cha ngozi laini. Hakuna aliyemsukuma.

Baada ya upasuaji aliumwa, msidanganywe. Mirija ya kutoa majimaji ilining'inia ubavuni. Hakuinua mzigo, hakuinua hata pasi, mpaka daktari aliporuhusu. Siku moja ngozi ikawa nyekundu na ya moto, na homa ikapanda. Mama akataka kumkanda kwa maji ya uvuguvugu. Chiriku akasema, "Hapana, Mama. Hospitali, sasa hivi." Walimkuta na maambukizi yanayoanza, wakamlaza na kumpa dawa, akapona. Angechelewa, huenda kipandikizi kingetolewa.

Sasa anatembea na kadi inayoonyesha aina ya kipandikizi chake na siku kilipowekwa. Titi lake la asili analipeleka kupimwa saratani kila inapohitajika, na anamwambia mpiga picha wa hospitali mapema kwamba ana kipandikizi. Akiona uvimbe au mabadiliko yoyote, hasubiri. Titi jipya halihisi kitu, anasema. Lakini ameanza tena kupima wateja, na mdomo umerudi. Siku nyingine natamani nimpe vifungo ashone anyamaze.

Wiki iliyopita alikuja bibi harusi mwembamba, sauti ya chini. Chiriku akampima kifua. Msichana akaona haya.

"Fundi, weka sponji kubwa kwa sasa," akasema. "Baada ya harusi nitakwenda kuwekewa vipandikizi. Mchumba wangu amesema nikaongeze."

Chiriku akatoa pini kinywani, zote. "Anayeyataka hayo matiti ni nani? Wewe au yeye?"

Msichana akaangalia sakafu. "Ni yeye."

"Ungeyataka wewe, ningekupeleka kwa daktari mimi mwenyewe, na maswali ningekufundisha njiani. Lakini kama anayeyataka ni yeye, basi akawekewe yeye!"

Mama alicheka mpaka akaacha kukanyaga mashine. Yule msichana alishtuka kwanza, kisha akacheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipofuta machozi alikuwa amekaa wima.

"Fundi," akaniambia, na safari hii nilimsikia vizuri, "hata hilo sponji sitaki."

Nikachukua mkasi. Nikamkatia gauni kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe.