Kisu Chini ya Mto wa Mtoto

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikorosho nilipopiga hodi kwa Bi Tatu, mkononi nina kifuko cha pilipili manga ya uji wa mzazi. Maulida, mke wa mwanawe, alikuwa na siku kumi na tisa tangu ajifungue. Nilimfundisha binti huyu kusoma hapa hapa Chole, na ingawa nimeshastaafu, bado ananiita Mwalimu.

"Hodi wenyewe!"

Nikapiga tena.

"Karibu, Mwalimu." Sauti ilitoka chumbani, ya chini kabisa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama mkwe yuko wapi?"

"Bombani. Maji yametoka sasa hivi. Kasema hachelewi."

Nikashtuka. Huku kwetu mzazi haachwi peke yake kabla ya arobaini, tena magharibi! Ikibidi, huwekwa chuma karibu na mtoto, kumkinga na mashetani. Mara nyingi ni kisu, chini ya mto wake. Nami niliwawekea wanangu wote watatu.

Nikaingia.

Taa ya sola ilikuwa hafifu. Chumba kilinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine... udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo. Mtoto alilala kitandani. Maulida alikuwa amejibanza ukutani, upande wa mbali kabisa.

"Mbona umemkalia mbali?"

"Usiniambie nisogee, Mwalimu." Hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akiutazama mto.

"Kuna nini?"

"Nikisema, utaniona mchawi."

"Mimi niliyekubadilisha sketi ulipokojoa darasani? Sema."

Nusura atabasamu. Kisha akanong'ona.

"Inaongea. Kila magharibi. Inasema huyu si wangu, wangu wamemchukua. Inasema kisu kiko hapo... nimrudishe."

Nikafungua kinywa nimtulize.

Ndipo nikasikia.

Kwanza mkwaruzo, kama kucha kwenye ukuta wa udongo. Halafu pumzi. Halafu...

"Mrudishe."

Sauti ya mwanamke. Taratibu. Haikutoka mlangoni wala dirishani.

"Umesikia?" Maulida aliuliza.

Nakiri, miguu ilitaka kukimbia. Badala yake nikaenda kitandani, nikaingiza mkono chini ya mto, nikakichomoa kisu na kukitupa uani kupitia dirishani. Kikalia kwenye mawe.

"Mwalimu! Chuma cha mtoto!"

"Chuma nitakuwa mimi." Nikaketi kati yake na kitanda. "Sasa nisikilize. Sijui hiyo ni nini. Ila najua kwamba kuambiwa si kutii. Ikisema, usiifiche na usibishane nayo. Nitajie kwa sauti imesema nini, kisha niambie unaona nini humu ndani. Taratibu tu. Hatuna haraka."

"Inasema si wangu."

"Unaona nini?"

"Naona... neti. Beseni. Kanga ya mama."

"Vizuri. Endelea."

"Inasema nimrudishe."

"Unaona nini?"

Ukuta ukakwaruzwa tena, safari hii nyuma ya kisogo changu. Sikugeuka.

"Unaona nini, Maulida?"

"Mguu wake." Sasa alikuwa akimtazama mtoto. "Kidole kidogo kimepinda. Kama cha baba yake."

Akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtu aliyechoka. Tukaendelea hivyo, yeye akitaja nami nikiuliza, mpaka mkwaruzo ukafifia na harufu ya udongo ikaondoka. Sijui ni muda gani ulipita.

"Nani kanitupia kisu uani?" Bi Tatu alifoka kutoka nje. "Nusura nikikanyage na ndoo kichwani!"

Nikamweleza kwa kifupi tu, kwamba Maulida anasikia sauti mbaya na anaogopa kuwa karibu na mtoto. Hatukungoja asubuhi. Tulichukua bodaboda mbili hadi hospitali, mjini Kisarawe. Shabani, mume wa Maulida, anafyatua matofali huko Visiga. Tulimpigia simu akaja usiku ule ule.

Nesi hakushangaa. Alisema ni ugonjwa, huwapata baadhi ya wazazi, na unatibika. Alimsifu Maulida kwa kusema mapema. Akapewa dawa, na tukaagizwa asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja mpaka apone.

Leo mtoto ana miezi saba. Jioni nyingine Maulida husema, "Wazo lile limekuja," akaendelea kumenya mihogo. Baadaye husema, "Limepita." Namwamini yule nesi. Kabisa.

Lakini usiku ule, tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, Bi Tatu alinisogelea.

"Ilimwambia amrudishe?"

Neno hilo sikuwa nimemtajia.

"Umejuaje, Bi Tatu?"

Alisokota ncha ya kanga yake, akaisokotoa, akaisokota tena.

"Nami niliambiwa. Chumba kile kile, nilipomzaa Shabani. Sikumwambia mtu yeyote."

"Ukafanyaje?"

Aliutazama mlango wa wodi, ambako mwanawe alikuwa amempakata mtoto.

"Shabani hakuzaliwa peke yake, Mwalimu."